Limfoma ya polepole na majaribio ya dawa za mchanganyiko: maswali tunayoulizwa kila wiki Kisumu

Nimeandika haya kwa ajili ya wagonjwa na jamaa wanaokuja kwenye kikundi chetu hapa Kisumu, na wale wa Siaya, Busia na Kakamega ambao hupiga simu tu kwa sababu nauli imekuwa mzigo. Nilikuwa muuguzi miaka mingi, sasa nimestaafu, na kazi yangu kubwa siku hizi ni kujibu simu. Maswali ni yale yale, ila kila anayeuliza hudhani yeye ndiye wa kwanza. Nimeyapanga jinsi yanavyokuja. Daktari wako ndiye mwenye faili lako, mimi sijaliona.

Limfoma ya polepole ni nini hasa?

Mtoki kila mtu anaujua. Ukikanyaga msumari, kesho yake kinena kinavimba na kuuma. Hiyo ni tezi ya limfu ikifanya kazi yake. Tezi hizo ziko shingoni, kwapani, kinenani, kifuani na tumboni, na ndani yake mna seli nyeupe za damu zinazopigana na magonjwa. Limfoma ni saratani ya seli hizo. Uvimbe wake mara nyingi hauumi, ndiyo maana mtu anaweza kuubeba mwaka mzima akidhani ni mafuta tu.

Hapa kandokando ya Ziwa, limfoma tuliyoizoea ni ile ya Burkitt, inayomvimbisha mtoto taya ndani ya wiki chache. Ile ina mbio. Hii ninayoizungumzia ni ya watu wazima, wengi wao wamekaribia au kupita miaka 60, na aina yake kuu inaitwa limfoma ya folikula. Kwa wagonjwa wengi wa folikula, kipande cha kromosomu ya 14 na kipande cha kromosomu ya 18 vimebadilishana nafasi, na seli ikaanza kutengeneza kwa wingi protini iitwayo BCL2. Protini hiyo huizuia seli kufa wakati wake unapofika. Kwa hiyo seli hizi hazizaani kwa fujo. Zinakataa kuondoka, kama mgeni wa matanga ambaye mwezi wa tatu bado anauliza chakula cha jioni ni nini.

Ugonjwa ukishaenea mwilini, kwa kawaida dawa haziung'oi kabisa. Hutulia kwa miaka, hurudi, hutulizwa tena. Hilo ni gumu kusikia. Lakini wengi huishi nao miaka 15, hata 20, na wengine huja kufa kwa jambo lingine kabisa. Ukikutwa umekaa sehemu moja tu, mionzi inaweza kuuondoa moja kwa moja kwa baadhi ya watu.

Nilimeza dawa za TB miezi sita na uvimbe haukupungua. Nilidanganywa?

Hukudanganywa, ulikisiwa. Huku kwetu TB ya tezi ni nyingi, na mtu mwenye uvimbe shingoni, jasho la usiku na kupungua uzito huanzishiwa dawa za TB kabla hata ya kipande cha tezi kukatwa. Mara nyingi makisio hayo huwa sahihi. Yakikosea, miezi sita imepotea. Tumboni mambo ni hayo hayo: wengu mkubwa hapa huambiwa ni malaria ya miaka mingi, na mara nyingi ni kweli, lakini zipo limfoma za polepole zinazojificha humo humo kwenye wengu.

Dawa yake ni biopsi, yaani kukata kipande cha tezi kikapimwe maabara. Nasisitiza hili hadi watu wananichoka: sindano nyembamba inayovuta seli chache haitoshi kutambua limfoma ya folikula. Mtaalamu wa maabara anataka kuona jinsi seli zilivyojipanga ndani ya tezi, kwa hiyo anahitaji tezi nzima au kipande kizuri. Baadaye hupakwa kemikali maalumu za kuonyesha seli ni za aina gani. Hapo ndipo watu wetu hukwama. Mimi mwenyewe niliwahi kumsubiria shangazi yangu majibu wiki saba, mwishowe tukaambiwa kipande hakionekani kilipo, akatwe tena. Hospitali siitaji. Tangu siku hiyo nawaambia watu: chukua nambari ya sampuli, iandike kwenye karatasi, ipige picha.

Daktari ameona saratani halafu akasema tusubiri. Ni kwa sababu sina pesa?

Hili ndilo swali linaloumiza kuliko yote, na nalielewa. Mzee mmoja, mkulima wa mpunga kutoka Ahero, alikuja akiwa amekasirika.

"Sista, ukiona moshi kwenye paa, unakaa chini unywe chai?"

"Hapana, Mzee wangu."

"Basi mbona daktari ananiambia nirudi baada ya miezi mitatu?"

Nikamjibu kwa mambo ya shambani kwake. Nikamuuliza kama hunyunyizia dawa kila anapoona mdudu mmoja kwenye mpunga. Akanyamaza kidogo, akasema hapana, dawa ina gharama yake na inaua hata wale wanaofaa. Nikamwambia daktari wake anafikiri hivyo hivyo.

Si maneno matupu. Uingereza waliwagawa wagonjwa 309 wenye limfoma za polepole zilizoenea lakini zisizowasumbua. Kundi moja lilianzishiwa kemo (dawa za kuua seli za saratani) ya vidonge papo hapo, lingine likawa linaangaliwa tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003, baada ya kuwafuatilia wengi wao zaidi ya miaka kumi: walioanza mapema hawakuishi muda mrefu kuliko waliosubiri. Na miongoni mwa waliosubiri, uwezekano wa kutohitaji kemo hata baada ya miaka 10 ulikuwa asilimia 19. Kwa waliopita miaka 70 ulikuwa asilimia 40.

Kusubiri kuna mipaka. Daktari huanza matibabu uvimbe mmoja ukifika sentimita 7, au tezi tatu za sehemu tofauti zikipita sentimita 3 kila moja, au wengu ukivimba sana, au kitu kikibanwa, mathalani mrija wa mkojo, au damu ikipungua, au homa, jasho la kulowesha shuka na kukonda vikianza. Kama hata moja halipo, kusubiri ni matibabu. Tajiri wa London naye huambiwa hivyo.

Nakuomba jambo moja tu: kusubiri kusigeuke kuwa kupotea. Tarehe ya kliniki ni tarehe ya kliniki hata ukijisikia mzima. Kila mwaka wagonjwa wachache, kama wawili au watatu kati ya mia, limfoma yao hugeuka ikawa ya mbio. Tezi moja ikianza kukua ghafla kuliko wenzake, usisubiri tarehe.

Kwa nini dawa nyingi pamoja? Moja yenye nguvu haitoshi?

Wewe mwenyewe unalijua jibu, ila hujaliunganisha na hili. Malaria tulikuwa tukiitibu kwa klorokwini peke yake ikagoma. Leo tunameza dawa mbili ndani ya kidonge kimoja. TB huanza na dawa nne. ARV ni tatu. Seli ya saratani, kama kidudu, ikikutana na dawa moja huna hakika zote zitakufa, na zile zilizobaki ndizo zinazozaa. Ukizipiga kwa njia tatu tofauti kwa wakati mmoja, kuponyoka kunakuwa kugumu. Faida nyingine ni kwamba madhara yanagawanyika: hii inagusa damu, ile mishipa ya fahamu, na hakuna kiungo kimoja kinachobeba mzigo wote.

Sehemu ya elimu hiyo ilipatikana jirani hapa. Denis Burkitt aliandika kuhusu uvimbe wa taya za watoto akiwa Kampala, mwaka 1958. Mwaka 1967 kikafunguliwa Mulago, hospitali kubwa ya huko huko Kampala, kituo cha kutibu limfoma, ndicho kilichokua kikawa Uganda Cancer Institute, na humo wakawa wanalinganisha dawa moja na dawa kadhaa kwa pamoja. Kwa hiyo mtu akikwambia majaribio ya dawa za mchanganyiko ni mambo ya Wazungu, mwambie avuke Busia akaulize.

Mchanganyiko wa zamani unaitwa CHOP: siklofosfamidi, doksorubisini, vinkristini na prednisoni. Doksorubisini ndiyo ile nyekundu kama sharubati, na mkojo wa siku hiyo huwa na rangi, usishtuke. Vinkristini hutokana na ua dogo la rangi ya waridi lenye asili ya Madagaska, ambalo hapa Kisumu hupandwa kando ya njia bila mtu kulijali. (Tafadhali usilitafune. Nimeshaulizwa.) Hufanya vidole vife ganzi, hadi kufunga kifungo cha shati kunakuwa kazi.

Halafu mwaka 1997 Marekani iliidhinisha rituksimabu. Hii ni kingamwili iliyotengenezwa maabara, inayonasa kwenye alama iitwayo CD20 juu ya seli husika, kisha kinga ya mwili inakuja kumaliza kazi. Ilipoongezwa kwenye kemo, mambo yalibadilika sana. Tangu mwaka 2015 iko kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu, pamoja na bendamustini, ambayo ina kisa chake: ilitengenezwa Ujerumani Mashariki miaka ya 1960 na ikatumika huko tu, hadi ukuta wa Berlin ulipoanguka ndipo ulimwengu ukaigundua.

Kama dawa zipo na zinafanya kazi, kinachojaribiwa ni nini?

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Wanafikiri jaribio ni dawa mpya dhidi ya kukosa dawa. Kwa limfoma ya folikula iliyogunduliwa karibuni ni nadra sana kuwa hivyo. Jaribio huuliza kama mchanganyiko huu unaushinda ule mwingine mzuri, na kwa bei gani mwilini mwa mgonjwa. Mtu atakayeishi miaka 20 na ugonjwa lazima aulize kuhusu bei hiyo.

Nitatoa mifano minne. Wajerumani walilinganisha bendamustini na rituksimabu dhidi ya CHOP na rituksimabu, kwa wagonjwa zaidi ya 500, matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Muda wa kati wa ugonjwa kukaa kimya (yaani ule ambao nusu ya wagonjwa waliupita) ulikuwa miezi 69.5 kwa bendamustini, na miezi 31.2 kwa CHOP. Wa CHOP nywele ziliwatoka. Wa bendamustini hazikuwatoka. Akina mama husikia sehemu hiyo ya pili kwanza, wala siwalaumu.

Jaribio la RELEVANCE lilikwenda mbali zaidi: je, tunaweza kuacha kemo kabisa? Wagonjwa 1,030 wa folikula, nusu wakapewa rituksimabu na kemo, nusu rituksimabu na vidonge vya lenalidomidi. Matokeo ya mwaka 2018: baada ya miaka mitatu, asilimia 77 ya waliotumia lenalidomidi walikuwa bado hawajarudiwa na ugonjwa, na asilimia 78 ya wale wa kemo. Yaani sare. Ila lilikuwa limeundwa kuonyesha kwamba mchanganyiko mpya unashinda, na haukushinda. Madhara ndiyo yaliyotofautiana: kemo iliangusha zaidi seli nyeupe, lenalidomidi ikaleta vipele zaidi. Sare ya namna hiyo bado inampa mgonjwa chaguo.

GALLIUM lilibadilisha kingamwili yenyewe, obinutuzumabu badala ya rituksimabu, kwa wagonjwa 1,202 wa folikula. Baada ya miaka mitatu asilimia 80 dhidi ya 73 walikuwa bado wametulia. Lakini madhara makubwa nayo yaliongezeka, asilimia 46 dhidi ya 40.

La nne, PRIMA, ndilo ninalolipenda kwa sababu linafundisha unyenyekevu. Waliotulia baada ya matibabu waligawanywa: wengine wakaendelea na rituksimabu kila baada ya miezi miwili kwa miaka miwili, wengine wakaacha. Miaka 10 baadaye, asilimia 51 ya walioendelea hawakuwa wamerudiwa na ugonjwa, dhidi ya asilimia 35 ya walioacha. Ukitazama hapo unasema dawa imeshinda. Sasa tazama walio hai: karibu asilimia 80 pande zote mbili. Dawa iliongeza muda wa utulivu, haikuongeza muda wa kuishi. Kwa anayeishi karibu na hospitali huenda ikafaa. Kwa anayetoka Port Victoria na matatu mbili na boda, anaweza kusema asante, ikirudi tutaonana, na hatakuwa mjinga.

Siku hizi kinachojaribiwa sana kwa wagonjwa wapya ni kingamwili zenye mikono miwili, mmoja unashika seli ya saratani na mwingine unaishika seli ya kinga, zikakutanishwa kwa nguvu. Mosunetuzumabu, mojawapo, iliidhinishwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2022 kwa waliorudiwa na ugonjwa. Hatari yake ni kinga kuwaka kupita kiasi: homa kali, presha kushuka. Kwa hiyo hutolewa palipo na watu wa kukuangalia.

Nitakuwa panya wa maabara? Nitapewa maji matupu?

Uliza jaribio liko hatua ya ngapi. Hatua ya 1 hutafuta kipimo kisichodhuru, kwa watu wachache. Hatua ya 2 hutazama kama dawa inafanya kazi. Hatua ya 3 hulinganisha mpya na ile inayotumika, kwa mamia ya watu, na ndiyo niliyoielezea hapo juu. Hatari zake si sawa, na mtafiti akikujibu kwa kuzungukazunguka, chukua mkoba wako.

Kuhusu maji: penye tiba inayojulikana kufaa, mgonjwa anayehitaji matibabu hanyimwi tiba hiyo ili apewe kitu kisicho na dawa. Inaweza kutokea wote wapate tiba ya kawaida, kisha nusu waongezewe dawa mpya na nusu waongezewe kidonge kisicho na dawa. Hilo lazima liwe limeandikwa kwenye fomu. Kama halijaandikwa, si la kukubali kwa mdomo.

Nani anaamua niingie kundi gani? Kuna kujuana?

Kompyuta, kwa kura. Daktari hachagui, na hata ukiwa binamu yake hachagui. Najua katika nchi hii sentensi hiyo ni ngumu kuiamini. Lakini ndiyo sababu ya kura: daktari akichagua, atawapeleka wenye nguvu kwenye dawa anayoipenda, na mwisho hatutajua kama ni dawa iliyoshinda au ni nguvu zao.

Damu zetu huwa zinapelekwa wapi?

Utafiti huku si mgeni. Chanjo ya malaria ilijaribiwa kwa watoto wa Siaya na Kombewa miaka mingi kabla ya kuzinduliwa Homa Bay mwezi Septemba 2019. Na tangu watafiti waanze kuzunguka vijijini na chupa zao, hadithi za kachinja, wanyonya damu, hazijaisha. Mimi sizicheki. Mtu akichukuliwa damu bila kuelezwa ni ya nini, atajijazia maelezo mwenyewe.

Kwa limfoma utatolewa damu mara nyingi, na pengine uboho kutoka kwenye mfupa wa nyonga, ambao unauma, tusidanganyane, ingawa ni kwa dakika chache. Uliza haya: chupa ngapi, zinapimwa wapi, zinahifadhiwa muda gani, zinatoka nje ya nchi au la, na nikikataa zisihifadhiwe baada ya utafiti, bado naruhusiwa kushiriki? Jaribio la dawa Kenya lazima lipitishwe na kamati ya maadili, na Bodi ya Famasia na Sumu, na liwe na kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Taarifa zako zinalindwa na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Fomu ya ridhaa lazima usomewe kwa lugha unayoielewa, iwe Kiswahili, Dholuo au Kiluhya. Asiyejua kusoma huweka dole gumba mbele ya shahidi ambaye si wa timu ya utafiti. Nakala moja ni yako. Ipeleke nyumbani, ilale hapo, ujadiliane na watu wako. Hii limfoma ni ya polepole. Kwa wengi wiki moja au mbili za kufikiri haziharibu kitu. Anayekuharakisha, muulize haraka ni ya nani.

Nina virusi vya ukimwi. Nina homa ya ini. Naruhusiwa?

Homa ya ini aina ya B kwanza, kwa sababu inaua kimya kimya. Rituksimabu na ndugu zake zinaweza kuiamsha hata iliyolala miaka, na ini likaharibika. Kabla ya dripu ya kwanza lazima upimwe, na vipimo ni viwili: kile cha kawaida, na kingine cha kuonyesha kama uliwahi kuambukizwa zamani. Ukikutwa nayo kwa kawaida hunyimwi tiba, hupewa dawa ya kuizuia. Usipopimwa, kumbusha. Usione haya.

Kuhusu VVU, majaribio mengi ya zamani yaliwafungia mlango. Siku hizi baadhi huwakubali wanaotumia ARV vizuri na virusi havionekani. Ila limfoma kwa wenye VVU mara nyingi ni zile za mbio, kwa hiyo hakikisha kwanza biopsi imesema nini. Na usifiche ARV zako. Baadhi, hasa zenye ritonaviri, hugongana na dawa kama vinkristini hadi sumu yake ikazidi mwilini.

Mimi bado nazaa. Kuna shida?

Ipo, na kubwa. Lenalidomidi ni ndugu wa thalidomidi, ile iliyosababisha maelfu ya watoto kuzaliwa na viungo pungufu miaka ya 1950 na 1960. Mwanamke anayeitumia lazima apimwe mimba mara kwa mara na atumie uzazi wa mpango unaoaminika. Mwanaume naye anatumia kondomu, kwa sababu dawa hupita kwenye shahawa. Vidonge hivyo havigawiwi jirani, wala havifunguliwi vikamiminwa kwenye uji.

Dripu ya kwanza ikoje?

Ndefu. Rituksimabu ya kwanza huchukua saa nne hadi sita, kwa sababu huanza tone kwa tone na muuguzi huongeza kasi kila nusu saa akipima presha na joto. Kabla yake unapewa paracetamol, dawa ya mzio na pengine steroidi. Hata hivyo wengi hutetemeka. Nakumbuka mama mmoja muuza samaki wa Dunga, saa saba mchana, jua la Kisumu linapasua bati, yeye kajikunja chini ya blanketi mbili meno yakigongana, na bintiye analia akidhani mama anakufa. Tulifunga dripu, tukamchoma sindano, tukangoja dakika arobaini, tukaanza tena kwa kasi ndogo. Saa kumi na moja alikuwa anauliza bei ya samaki imefika ngapi. Mara ya pili hakutetemeka kabisa, na kwa wengi huwa hivyo. Ila ukihisi kifua kubana au uso kuwasha, sema saa hiyo hiyo. Usingoje sista amalize mgonjwa wa kitanda cha pili.

Homa ikinipata usiku, ninywe dawa ya malaria?

Hapana. Hapa Magharibi mwa Kenya kila homa ni malaria hadi ithibitishwe vingine, na tabia hiyo imewazika wagonjwa wa saratani. Seli nyeupe zikiwa chini, bakteria wa kawaida anaweza kukumaliza kwa siku moja. Nunua kipimajoto. Kikisoma 38 au zaidi, nenda hospitali usiku huo huo, uwaambie mlangoni kwamba unatumia dawa za saratani, na uonyeshe kadi. Malaria watapima huko huko. Bendamustini hushusha aina fulani za seli za kinga kwa miezi mingi hata baada ya dozi ya mwisho, kwa hiyo hilo liendelee hata baada ya kumaliza.

Nani analipa?

Dawa inayochunguzwa na vipimo vya utafiti hulipwa na wenye utafiti. Dawa ya kawaida inayochanganywa nayo, inategemea. Uliza hasa hiyo, kwa sababu hapo ndipo watu hushtukia bili. Uliza pia kama kuna bima ya washiriki endapo utadhurika, nauli inarudishwa vipi, na utafiti ukiisha na dawa inakufaa, utaendelea kuipata? Nje ya utafiti, jisajili SHA, bima ya afya ya serikali, mapema na ulipe mchango wako. Usingoje hadi siku ya dripu.

Naweza kujitoa katikati?

Ndiyo, bila kutoa sababu, na matibabu yako ya kawaida hayakatwi. Waage tu, ili wakushushie dawa kwa usalama.

Na manyasi, dawa zetu za kienyeji, je? Mwarubaini?

Waambie madaktari unachokunywa. Sitakugombeza, hata mama yangu alikuwa na sufuria lake. Tatizo ni kwamba ini lako ndilo linalosafisha kemo na ndilo linalosafisha mizizi, na likiharibika hakuna atakayejua ni nani aliyeliharibu.

Kuna jaribio la aina hii karibu nasi? Nitalijuaje?

Majaribio makubwa niliyoyataja yalifanyika zaidi Ulaya, Amerika na Australia, na Waafrika walikuwa wachache mno, jambo linaloniudhi kwa sababu TB, malaria, VVU na homa ya ini zetu hazikuwemo kwenye hesabu. Muulize daktari wako wa saratani. Uliza pia Hospitali ya Rufaa ya Moi pale Eldoret, ambako huduma za saratani na utafiti wa AMPATH, mpango wa ushirikiano na vyuo vikuu vya nje, viko pamoja kwa miaka mingi. Mwenye simu na bando anaweza kutafuta kwenye Pan African Clinical Trials Registry au ClinicalTrials.gov, andika jina la ugonjwa na nchi, utaona yanayoendelea na yaliyofungwa.

Mtu akikupigia simu kwamba amekupatia nafasi kwenye utafiti, tuma kitu kidogo kwa M-Pesa ya usajili, huyo ni mwizi. Hakuna jaribio halali linalotoza mgonjwa ada ya kuingia. Mwaka jana wawili wetu walinaswa na mtego huo, pesa zikaenda, na mmoja alikuwa ameuza ng'ombe.

Siku ya kwanza nije na nini?

Ripoti ya biopsi, ya karatasi, pamoja na ile nambari ya sampuli. Picha za skani kama zipo, si maelezo yake tu. Pakiti za dawa zote unazomeza, hata za presha. Kitambulisho. Mtu mmoja anayeweza kuandika, kwa sababu utasahau nusu ya utakayoambiwa. Chakula na maji, maana kantini hufunga kabla dripu haijaisha. Na sweta. Najua ni Kisumu. Beba sweta.